Nyigu wa Marehemu Baba

Kwa Kitaliano, neno vespa maana yake ni nyigu. Nililijua jambo hilo nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nikacheka peke yangu, kwa sababu marehemu mama alikuwa akikiita kipando cha nyumbani kwetu "mdudu wa baba yenu" tangu mimi sijaanza chuo. Alikuwa hajui hata neno moja la Kitaliano. Alisikia tu ule mvumo ukiingia kichochoroni kwetu Malindi, akasema: "Haya, mdudu wa baba yenu huyo, tandikeni mkeka."

Baba aliinunua mwaka 1967 kwa jirani aliyekuwa akihamia Dar es Salaam. Ilikuwa Vespa ya 150, rangi ya kijivu, gia nne, magurudumu madogo, na gurudumu la akiba limefungwa nyuma ya kiti. Mimi nilikuwa na umri wa miaka sita. Tokea siku hiyo hadi leo ambapo ndevu zangu zimekuwa nyeupe, sijawahi kupitiwa na pikipiki ya Italia nisigeuze shingo. Mke wangu hunambia kwamba nikiitwa na mtu kwa jina naitika pole pole, lakini nikisikia injini ya Italia natoka nje bila ya viatu. Hasemi uongo.

Hebu niwaeleze wasomaji, hasa vijana ambao kwao kila kipando cha magurudumu mawili ni bodaboda, kwa nini kitu hiki kilitukaa sana watu wa Mji Mkongwe. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera kilikuwa kikiunda ndege, na wakati wa Vita Kuu ya Pili kilipigwa mabomu. Amani iliporudi, Waitaliano walikuwa na barabara mbovu na mifuko mitupu. Mhandisi aliyepewa kazi ya kubuni kipando cha bei nafuu, Corradino D'Ascanio, alikuwa mtu wa ndege na helikopta, na wala hakuzipenda pikipiki. Aliziona chafu, zenye kuchosha mwili, na gurudumu likipasuka ni taabu kulibadilisha. Basi mwaka 1946 akatoa kipando kisicho na mnyororo, injini imekaa ubavuni kwa gurudumu la nyuma na kufunikwa kwa bati, gurudumu la mbele limeshikwa na mkono mmoja tu kama mguu wa ndege, na katikati pako wazi ili mpandaji apitishe miguu bila ya kurukia. Husimuliwa kwamba Enrico Piaggio, mwenye kiwanda, alipokiona kiuno chembamba na nyuma pana na kuusikia mlio wake, alisema kinafanana na nyigu, na jina likaganda.

Sidhani kama D'Ascanio aliwahi kuwafikiria watu wa Malindi, lakini angetaka kuwatengenezea kipando makusudi asingefanya vyengine. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe kwa sala ya Ijumaa anakaa kama aliyekaa kitini. Hana mnyororo wa kumpaka grisi wala bomba la kumuunguza muundi, na mbele ana ngao ya bati inayomkinga na matope ya masika. Mwanamke mwenye buibui anakaa upande, miguu pamoja, mkono mmoja begani kwa mumewe, na heshima yake imehifadhika. Na vichochoro vyetu, ambavyo gari haipiti na punda hupita kwa kuombwa, vespa huvipita huku ikipiga honi kwa adabu. (Nduguye Vespa, kile kigari cha mizigo cha magurudumu matatu kilichotoka 1948, Wataliano walikiita Ape, yaani nyuki. Wahindi wa kiwanda cha Bajaj walipopata ruhusa ya kuviunda vyote viwili kwao, ndipo ukafungua mlango ambao leo umetuletea bajaji kila kona. Kwa hivyo mwenye kupanda bajaji kwenda Darajani naye amempanda mjukuu wa nyuki.)

Mpangilio wetu wa kukaa haukubadilika. Mimi nilisimama mbele, baina ya mikono ya baba, nimeshika usukani katikati nikijiona mimi ndiye dereva. Baba nyuma yangu. Dada yangu katikati, kabanwa kama tende. Mama nyuma kabisa, upande. Leo askari wa usalama barabarani angetusimamisha, na angefanya haki. Siku za Idi tulikwenda hivyo Mnazi Mmoja, na baadhi ya Jumapili tulikwenda mbali zaidi, Mwera, Koani, Dunga, mpaka Chwaka kula samaki. Kabla ya kupiga kiki baba alisoma dua ya kipando iliyomo katika Suratu Zukhruf, nasi tukaifuatisha. Mimi niliimaliza haraka ili injini iwake. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipozingatia kwamba dua ile inaishia kwa kutaja marejeo yetu kwa Mola wetu, na kwamba baba sauti yake ilikuwa ikishuka kila alipofika hapo.

Baba akiendesha kwa kasi, na kasi yake haikuzidi maili thelathini, mama alimpiga kofi dogo begani. Moja. Baba akashusha gia. Sikumbuki kuwasikia wakigombana juu ya jambo hilo hata siku moja.

Injini ile ilikuwa ya aina ambayo mafundi huiita tustroki, haina tangi la oili peke yake. Oili huchanganywa na petroli, sehemu mbili katika mia. Baba alikuwa na kikombe cha kahawa kilichovunjika ukingo, ndicho kipimo chake: kikombe kimoja kwa lita tatu. Miaka ile ya sabini, wakati vitu vilikuwa adimu na hata mchele unasubiriwa foleni, oili nzuri ilipatikana kwa kujuana. Plagi ilisafishwa kwa msasa mpaka ikawa nyembamba. Waya wa klachi uliokatika ulipelekwa kwa fundi akaunga kwa risasi. Kila tairi lilipobadilishwa, baba aliandika tarehe kwa ncha ya msumari ndani ya kifuniko cha kisanduku cha spana, kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa umri wake walivyozoea kuandika Kiswahili chao. Orodha ile ilikuwa ndefu, maana magurudumu ya Vespa ni madogo na mashimo ya barabara ni makubwa.

Mwaka 1975 mjomba wangu baharia alirudi safari na gazeti la picha la Kitaliano. Alilileta kwa ajili ya karatasi zake nzuri za kufungia vitu, mimi nikaliomba. Ndani yake nikakutana na kitu kilichonipotezea usingizi: pikipiki ya Ducati ya 750, kutoka Bologna, ya namna ile iliyoshinda mashindano ya maili 200 ya Imola tarehe 23 Aprili 1972, ikiendeshwa na Mwingereza Paul Smart, na mwenzake Bruno Spaggiari akiwa wa pili kwa pikipiki kama hiyo. Palikuwa na picha ya Giacomo Agostini pia, bingwa wa dunia mara kumi na tano, lakini mimi macho yangu yalibaki kwenye ile Ducati. Mhandisi wake, Fabio Taglioni, aliiondolea valvu springi za kuzirudisha. Chuma kilichozifungua kilikuwa na mwenzake cha kuzifunga, ili injini izunguke kwa kasi bila ya valvu kuchelewa. Sikuyajua hayo wakati ule. Nilijua tu kwamba ni nzuri, imeinama mbele kama farasi anayekunywa maji.

Nikaikata picha, nikaiweka ndani ya juzuu yangu. Maalim akaiona. Nilitaraji bakora, nikaipata, lakini picha alimpelekea baba. Jioni baba aliivaa miwani yake akaitazama muda mrefu, akaigeuza upande huu na upande huu. Akaniuliza: "Mwanangu, mama yako atakaa wapi?"

Kweli, ilikuwa na kiti cha mtu mmoja. Sikuwa na jibu. Akanirudishia picha.

Nilipofika miaka kumi na sita nikaichukua Vespa bila ya ruhusa, nikaipeleka kwa kasi barabara ya Bububu nikiwa nimeinama kifua juu ya usukani kama Paul Smart. Kuku alikatiza. Kuku alisalimika, mimi nilichubuka kiwiko, na shavu la kulia la Vespa, pale inapokaa injini, likaingia bonde la ukubwa wa kiganja. Baba hakunipiga. Alilinyoosha kwa nyundo ya mbao kadiri alivyoweza, na bonde likabaki.

Mwaka 1988 nilikwenda Maskati kutafuta maisha kama walivyokwenda wengi, nikapata kazi ya uhasibu katika duka la vipuri vya magari. Nilituma fedha nyumbani kila mwezi. Hayo niliyafanya kwa miaka saba na sitaki kujisifu kwayo, maana linalofuata linayavunja.

Mwaka 1995 kijana mmoja wa Kiomani alileta pale dukani Ducati 916 nyekundu. Pikipiki ile ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, kazi ya mikono ya Massimo Tamburini, na mpaka leo wapo wanaoamini kwamba haijaundwa iliyo nzuri kuliko hiyo. Bomba zake mbili zinatoka chini ya kiti. Klachi yake ni kavu, ikisimama inalia kama vijiko vinavyotikiswa ndani ya sinia. Mwendo wake unazidi kilomita 250 kwa saa. Nilipiga hesabu, nikaona kwamba kisiwa chetu cha Unguja, chenye urefu wa kama kilomita 85, ningekimaliza kwa dakika ishirini. Ningefanya nini baada ya hapo sikujiuliza. Kijana akasema anaiuza. Nikatoa arbuni ya riyali 200 siku ile ile, na tukakubaliana nimalize kwa miezi minane.

Miezi hiyo nyumbani nilituma nusu. Niliandika barua kwamba mambo yamekuwa magumu, kwamba tajiri amepunguza mishahara. Tajiri hakupunguza chochote. Baba alinijibu kila barua kwa mkono wake, herufi zikizidi kuwa kubwa na mistari ikipanda na kushuka. Niliona, na nilijiambia ni uzee.

Haukuwa uzee. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ili aende Dar es Salaam kupasuliwa, aliiuza Vespa. Hakuniambia, na aliwakataza mama na dada wasiniambie, kwa kuwa mwana yuko ugenini na mambo kwake magumu. Jicho moja likapona. Alirudi Unguja anaona, na hana tena cha kupanda.

Mwezi wa pili wa 1996 dada alinipigia simu dukani. Baba alilala baada ya alasiri asiamke. Nilifika siku ya pili, ameshazikwa Mwanakwerekwe. Nilitafuta Vespa ukumbini, mahali pake pa siku zote chini ya ngazi, nikakuta pametandikwa jamvi, nikauliza. Dada akalia.

Katika daftari la baba tulikuta madeni matatu madogo: ya dawa, ya duka la mchele na ya mtu aliyemkopesha nauli ya boti. Niliyalipa siku ile ile, kwa fedha za Ducati. Yule kijana wa Kiomani nilipompigia kumweleza yaliyonifika, alinirudishia arbuni yote bila ya kuulizwa, Allah amlipe kheri. Nazo zikaingia kwenye paa la nyumba, lililokuwa likivuja juu ya kitanda cha mama kwa misimu miwili. Hilo nalo sikuambiwa.

Sikurudi tena Maskati. Nikapata kazi mjini, nikaoa, na kila nilipopata nafasi niliitafuta Vespa ya baba. Watu waliniona mwendawazimu. Niliwasimamisha wazee njiani, nikainama kutazama shavu la kulia. Nilikwenda Mkokotoni, Makunduchi, Nungwi. Mafundi wakawa wananitania: "Bwana, wako wengine wanaotafuta mke." Unguja vespa ni nyingi, na nyingi zimepakwa rangi mara tano. Wapo wanaoita vespa hata skuta za Bajaj, na nilipoteza siku nyingi nikifuata habari za namna hiyo.

Mwaka 2002, Chwaka, nje ya soko la samaki, niliona skuta ya kijani yenye tenga mbili nyuma na magamba ya samaki hadi kwenye taa. Bonde lilikuwepo. Nilimwomba mwenyewe, mzee mwenye kofia ya kufuma, anifungulie kisanduku cha spana. Akanitazama kwa wasiwasi, akafungua. Chini ya kutu herufi za baba zilikuwepo, tarehe moja juu ya nyengine, na ya mwisho ilikuwa imekwenda upande, imeandikwa na mtu asiyeona vyema.

Nilimtajia bei kubwa. Akakataa. "Mwanangu," akasema, "hii ndiyo iliyonisomeshea watoto. Ukiichukua leo, kesho samaki wangu watakwenda mjini kwa miguu?" Niliona haya. Tukanywa kahawa. Akaniahidi kwamba siku akiitoa, atanitoa mimi mbele ya watu wengine. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimpelekea kopo la oili nzuri kila nikienda upande ule, naye akinipa pweza.

Mwaka 2005 wanawe walimnunulia pikipiki mpya ya Kihindi, akanipigia simu. Nikamuuliza bei. Akasema: "Ile ile niliyompa mzee wako. Laki moja na nusu." Nilimhesabia noti, na mikono yangu ilikuwa haitulii, kwa sababu mimi ni mhasibu na hesabu haikuhitaji karatasi. Arbuni niliyoiweka juu ya Ducati ilikuwa karibu mara mbili ya fedha zile.

Fundi aliishughulikia kwa miezi minne. Pistoni, ringi, nyaya zote. Nilimkataza kulinyoosha bonde. Rangi ikarudi kuwa kijivu. Baadaye, nilipoipeleka Kiwengwa, Mtaliano mmoja mgeni wa hoteli aliizunguka mara tatu, akapiga magoti mchangani kutazama namba, akanitajia yuro nyingi. Nilimwambia kwa heshima kwamba ina mwenyewe.

Siku ilipokuwa tayari nilikwenda nayo nyumbani kwa mama. Sikumwambia. Nilizima injini mbali kidogo, nikaona ni upuuzi, nikaiwasha tena. Nilipofika mlangoni ameshasimama kizingitini, na mkeka mkononi.

Jioni ile ndipo nilipomweleza habari ya Ducati, barua zangu za uongo, na riyali 200. Miaka tisa nilikuwa nimeibeba. Mama aliendelea kuchambua mchele.

"Baba yako alijua," akasema. Jirani mmoja aliyekuwa likizo kutoka Maskati alimpa habari barazani, kwamba kijana wako ananunua pikipiki nyekundu ya thamani ya nyumba. Baba alirudi ndani akamsimulia mama. Mama alikasirika, akataka barua iandikwe usiku ule ule. Baba akasema mtu mzima haamrishwi kwa barua. Kisha akamrudia yule jirani barazani kumuuliza jambo moja tu: pikipiki yenyewe ina kiti cha nyuma? Akaambiwa haina.

"Akafanyaje?" nikauliza.

"Akacheka. Akacheka mpaka akakohoa. Akaja akaandika barua yako ile ya kukuombea dua."

Barua ile ninayo. Haina lawama hata neno moja, nami wakati ule niliisoma huku nimesimama, nikaitia mfukoni, nikarudi kazini.

Asubuhi yake mama alitaka kwenda Chwaka. Nilimuuliza kama ataweza, umri umekwenda. Hakunijibu, alivaa buibui. Nikachanganya petroli, na kwa kuwa kile kikombe kilichovunjika ukingo kilikuwa bado kabatini, nilikitumia hicho. Akakaa upande, mkono begani kwangu. Tukasoma dua pamoja, safari hii sikuiharakisha. Tukatoka Malindi, tukapita Mwera na Koani, upepo wa kusi unatupiga ubavuni, na baada ya Dunga barabara ilipokuwa tupu nikajisahau nikafungua mafuta kidogo.

Kofi likanifika begani. Moja. Nikashusha gia ya tatu.